Niliwauza Wote Msimu wa Tatu

Kabla sijasema lolote niombe radhi. Kama ulikaa darasa moja na mimi kati ya 2008 na 2011, kuna uwezekano mkubwa kwamba niliwahi kukuuza. Haikuwa kwa ubaya. Nilihitaji pointi.

Hapa kwenye ukurasa wetu tumekwisha kusoma maoni ya kila namna: juu ya riwaya, juu ya filamu, juu ya muziki wa Kinshasa, hata juu ya mahubiri (ile ilileta ugomvi, tuiache). Lakini kitu kilichotula saa nyingi kuliko vitabu vyote vya shule, hakuna aliyekiandikia hata mistari miwili. Nasema Pro Evolution Soccer 6, gemu la mpira la Konami ya Japani, la 2006, tulilolicheza kwenye PlayStation 2. Na ndani yake nasema ile sehemu ya Ligi ya Masters: unachukua timu moja, unaicheza msimu baada ya msimu, unanunua, unauza, unalipa mishahara, unapanda daraja au unabaki palepale. Leo nataka kulihukumu kama tunavyohukumu kitabu.

Mnakumbuka chumba cha Play kule Kadutu, chini kidogo ya soko. Televisheni tatu, benchi mbili, jenereta nje inayokohoa kuliko mzee, na mwenye chumba mlangoni: "Batoto, muache makelele! Nani hajalipa?" Faranga mia moja kwa mechi ya dakika kumi. Wengi walicheza kutoana, anayefungwa anaamka, anayeshinda anabaki. Ligi ya Masters haiwezekani namna hiyo. Inataka siku nyingi na inataka kadi ya memori yako mwenyewe, la sivyo mtu anakuja Jumapili anafuta msimu wako ili ahifadhi wa kwake. Sisi watu watatu tulichanga tukanunua kadi moja, tukapatana na mwenye chumba bei ya saa nzima, Jumamosi asubuhi, wakati wengine wako kwenye salongo au kwenye mazoezi ya kwaya.

Sasa gemu lenyewe. Ukianza Ligi ya Masters hupewi nyota. Unapewa watu ambao hakuna mama aliyewazaa. Castolo mbele, Minanda katikati, Stremer nyuma, Ivarov golini. Hawapo duniani, Konami iliwatunga. Na hawajui mpira. Castolo anakimbia kama mtu aliyemaliza sahani mbili za bugali na sombe, Stremer anageuka kama lori kwenye kona ya Essence. Wako daraja la pili na wanafungwa na kila mtu. Mchezaji wa mara ya kwanza anakasirika: nimelipa ili nicheze na hawa? Mimi nasema huu ndio uamuzi bora kuliko yote katika gemu zima. Timu ya nyota unaiazima tu. Timu ya Castolo utaijua goti kwa goti. Baada ya wiki sita unajua Minanda anachoka dakika ya 70, unajua upande ambao Espimas hawezi kupiga. Kabla ya kila mechi kuna mshale mdogo kando ya jina la kila mtu: mwekundu ukiangalia juu, ana moto, ukiwa wa kijivu ukiangalia chini, leo hafai. Hakuna maelezo. Ameamka vibaya tu, sawa na mtu yeyote.

Halafu tukafanya jambo ambalo liliharibu kila kitu, au lilitengeneza kila kitu, bado sijaamua. Diski ile haikuwa na haki za klabu nyingi za Uingereza; Arsenal na Manchester United zilikuwa na majina yao, lakini Liverpool iliitwa Merseyside Red na Chelsea iliitwa London FC. Mmoja wetu akasema: kama Liverpool inaweza kuitwa Merseyside Red, timu yetu inaweza kuitwa Muungano. Gemu linaruhusu kubadilisha majina. Basi tukaandika Muungano, kwa ajili ya OC Muungano yetu ya uwanja wa Concorde. (Kati yetu watatu kulikuwa na shabiki wa Bukavu Dawa. Alinuna Jumamosi moja nzima, tukamtuliza kwa kumpa haki ya kuchagua rangi ya jezi.) Na tulipomaliza jina la timu, tukaanza ya wachezaji. Castolo akafutwa, akaingia yule wa dawati la nyuma aliyekuwa na mbio darasani kengele ikilia. Minanda akawa yule wa hesabu. Stremer mnamjua, na yeye anajijua, maana yuko kwenye ukurasa huu kila siku. Ivarov akawa shefu wetu wa darasa, kwa sababu golini tulitaka mtu ambaye hapitishi kitu, na mnakumbuka alivyokuwa akiandika majina ya wapiga kelele ubaoni bila huruma, hata ya rafiki zake.

Kuanzia hapo gemu lilibadilika. Namba zilikuwa zilezile, ubovu uleule, lakini sasa mshale wa kijivu ulikuwa wa mtu. Jumatatu mmoja alifika darasani nikamuuliza kama alikuwa mgonjwa, kwa kuwa Jumamosi alicheza vibaya sana. Alinitazama kama mwendawazimu. Tulifungwa msimu wa kwanza wote. Msimu wa pili tulishika nafasi ya kati, na kuna bao moja la dakika ya mwisho, la yule wa hesabu, ambalo lilisimuliwa shuleni kana kwamba yeye mwenyewe alilipiga. Alianza kutembea tofauti. Gemu bovu haliwezi kumfanyia mtu hivyo.

Sasa nifike kwenye kosa lake, na kosa hili si dogo.

Katika Ligi ya Masters fedha inaitwa pointi. Ukishinda unapata, ukiuza mchezaji unapata, ukinunua zinapungua. Mwisho wa msimu mishahara yote inakatwa kwa mara moja. Kama pointi zako zikishuka chini ya sifuri, kwisha. Halikukopeshi, halikuongezei muda, linakufunga. Hesabu hiyo inakusukuma upande mmoja tu. Ili ulipe, lazima ushinde. Ili ushinde, lazima ununue. Ili ununue, lazima uuze. Na wa kuuza ni nani? Ni wale ulionao. Msimu wa tatu tulianza kuwauza. Kwanza wa benchi, ambao tuliwapa majina ya watu tusiowapenda sana, kwa hiyo haikuuma. Halafu yule wa hesabu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na bei. Halafu Stremer. Jumatatu nilimwambia. Alikaa kimya siku mbili, siku ya tatu akanifuata kwenye bomba la maji: "Uliniuzisha?" Nikasema ndiyo. "Bei gani?" Nikamtajia. Ndipo alipokasirika kweli, maana yule wa hesabu alikwenda kwa bei karibu mara mbili.

Msimu wa tano tulikuwa mabingwa wa daraja la kwanza. Tulikuwa na Adriano, ambaye katika diski ile mguu wake wa kushoto ulikuwa bunduki. Ukipiga kutoka katikati ya uwanja kipa anashika uso. Timu iliitwa Muungano bado. Ndani yake wa darasa letu alibaki mmoja tu, shefu, golini, na hakubaki kwa mapenzi yetu. Tulimweka sokoni mara mbili, hakuna klabu iliyomtaka. Na nakumbuka vizuri kwamba siku ya ubingwa hakuna aliyekuja kutazama. Msimu wa kwanza, tukifungwa 4-0, walikuwa wanajaa nyuma yetu hadi mwenye chumba anawafukuza. Walikuwa wanakuja kujitazama wenyewe. Adriano walimwona bure kwenye televisheni ya jirani.

Hili ndilo lawama langu kwa Ligi ya Masters. Inajua kukufanya upende timu dhaifu kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kucheza, halafu inakulipa pale tu unapoivunja. Haina njia ya pili. Hakuna pointi za kumbakisha mtu miaka kumi. Hakuna mahali ambapo gemu linaona kwamba kumi na mmoja wale wamezoeana. Ukifika juu halina la kukuambia, kalenda inazunguka tu. Mchezaji akistaafu, baada ya muda anarudi sokoni akiwa kijana tena, jina lake, uso wake, kama miaka haikupita. Tulipogundua hilo tulicheka sana. Leo sichekeshwi nalo hivyo.

Nilimweleza haya mmoja wetu aliye Marekani, anayefanya kazi ya usiku ghalani, na ambaye siku hizi anacheza gemu la besiboli na wenzake wa kazi. Akaniambia kule ligi kuu ina timu 30 na kila moja inacheza mechi 162 kabla ya mtoano, kwa hiyo nyingi anamwachia kompyuta icheze, yeye anaangalia matokeo tu kama mtu anayesoma gazeti. Na akasema kule kuuza kwa fedha tupu si desturi sana. Mara nyingi wanabadilishana mchezaji kwa mchezaji. Ana mtupaji mmoja mzee anayemkatalia kila mtu. Nikamuuliza, gemu linakuadhibu kwa hilo? Akasema, "Linaniadhibu polepole." Nikamwonea wivu kidogo.

Mtu atasema: lakini gemu linasema ukweli, mpira ndivyo ulivyo. Klabu za hapa kwetu zinalea watoto, Lubumbashi na Kinshasa wanawachukua, Ulaya inawachukua kule. Ni kweli. Shabani Nonda alizaliwa Bujumbura, hapa jirani, akapita Yanga ya Dar es Salaam, akafika Monaco na kucheza fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya ya 2004. Claude Makélélé alizaliwa Kinshasa na akacheza na jezi ya Ufaransa. Lakini angalieni diski inavyosema ukweli huo. Wachezaji wenye asili ya kwetu unawapata ndani ya klabu za Ulaya. Timu ya taifa letu hatukuiona. Klabu ya Kongo hata moja hatukuiona. Ukifungua namba za Mwafrika, mara nyingi unakuta mbio na nguvu ziko juu. Obafemi Martins wa Nigeria sisi wote tulimchukua kwa mbio zake tu, ukimpa mpira unabonyeza na kufumba macho. Gemu lilitujua kama bidhaa, halikutujua kama mahali. Desemba 2010 TP Mazembe iliipiga Internacional ya Brazili 2-0 kule Abu Dhabi, ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la klabu. Mji wote ulipiga kelele, Kidiaba akaruka kwa makalio yake mbele ya dunia. Jumamosi iliyofuata tuliwasha Play, Mazembe hawamo. Tulitafuta hadi mwisho wa orodha. Kitufe cha kuruka kama Kidiaba hakipo hadi leo.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo gemu hili linalo, nami sikulithamini nilipokuwa kijana. Ni kalenda. Ukimaliza mechi, linaandika mechi inayofuata. Halijawahi kukosa. Mwaka 2020 korona ilisimamisha ligi ya taifa letu, Mazembe wakapewa ubingwa bila msimu kumalizika, na hatukushangaa sana, kwa kuwa kusimama ni jambo tunalolijua. Kwa Konami msimu una mwanzo, una katikati, una mwisho. Uwe bingwa au uwe wa mwisho, utafika huo mwisho.

Katikati ya Februari 2025, M23 ilipoingia Bukavu, tulikaa ndani. Shule zilifunga, benki zikafunga, wengi wakaondoka kuelekea Uvira na Burundi. Sitaandika siasa hapa, kila mtu ana simu yake na habari zake. Nyumbani kwangu kulikuwa na mtoto wa kaka yangu, miaka kumi na mitatu, anayetaka kutoka nje kila baada ya nusu saa. Nikatafuta sandukuni, nikakuta Play ya zamani, diski ileile yenye mikwaruzo, na kadi. Betri ya sola ilikuwa na nguvu ya saa mbili tatu. Tukapunguza sauti hadi mwisho. Na kwenye kadi, chini ya faili la ubingwa, kulikuwa na faili la zamani ambalo hatukuwahi kulifuta: mwanzo wa msimu wa tatu. Wote mmo. Hakuna aliyeuzwa.

Nikajiwekea sheria moja: nacheza msimu huu wote bila kumuuza mtu. Nilitaka kuona gemu litafanya nini, kama mhakiki, tuseme hivyo.

Tulicheza siku kumi na moja. Mtoto akaanza kuwajua. "Baba mudogo, huyu wa mbio ni mutu wa kweli?" Nikamwambia yuko Nairobi, ana duka la simu. "Na huyu?" Yuko Uvira tangu juzi, sina habari. "Na huyu?" Ontario. Nilipokuwa namjibu niligundua kwamba kikosi kizima hakuna anayekaa Kadutu tena, na wanaoweza kufika kwangu kwa miguu ni wawili. Dirisha la usajili lilipofunguka, ofa zikaja, nikakataa. Mtoto hakuelewa. "Juu ya nini unakatala kumuuzisha? Hajue kucheza!" Kweli hajui. Stremer alisababisha penalti tatu katika msimu mmoja, nina shahidi.

Akauliza pia juu ya kipa. Mnajua jibu, tulikuwepo wote 2017, kwenye mvua ile, tukimsindikiza. Nikamwambia huyu alikuwa shefu wetu wa darasa, sikuongeza. Mtoto akatazama mshale wake. Ulikuwa mwekundu. "Leo iko na moto," akasema, na siku ile hatukufungwa bao.

Tulimaliza nafasi ya tano. Kwa timu ile ni muujiza. Halafu ikaja hesabu ya mishahara, pointi zikakatwa moja baada ya nyingine, zikapita sifuri, na skrini ikatuambia kwamba klabu imekwisha. Nilijua tangu nilipoanza, lakini nilikaa pale nikiitazama. Nasema kama mhakiki: gemu ambalo linamwona mtu aliyemaliza wa tano bila kumuuza rafiki yake hata mmoja, na halina neno kwake ila kumfungia mlango, lina ufundi mkubwa na roho ndogo. Na bado ni bora kuliko lililolirithi. eFootball ilipotoka 30 Septemba 2021, Ligi ya Masters haikuwemo kabisa. Kulikuwa na mechi, na baadaye kadi za nyota za kukusanya. Waliuza hadi msimu wenyewe.

Mtoto hakuhuzunika. Alitaka tuanze upya palepale, na wa kwake: darasa lake, majina yao, wale walioondoka na wale waliobaki. Lakini kadi ya Play 2 ni ya megabaiti 8, na ya kwetu imejaa. Ili aandike ya kwake lazima nifute yetu. Nikamwambia anipe dakika kumi. Nikachukua karatasi nikaandika kikosi chote, namba na jina, kama kilivyokuwa kabla sijawatia sokoni, na picha ya karatasi hiyo nimeiweka hapa chini. Kila mtu atafute namba yake. Ndugu yangu Stremer, bei yako nimeiandika pembeni, ni ileile.